Mwenye Heri Floribert wa Goma na Furaha ya Moyo Mnyofu

Mtume Paulo alituagiza kumshukuru Mungu katika kila hali, naye mwenyewe alikuwa amekwisha kupigwa viboko na kutiwa gerezani. Agizo hilo ni rahisi kulisikia kanisani, bali ni gumu kulishika katika mji wetu wa Goma. Je, mtu ashukuru nini, iwapo nyumba yake imeungua? Afurahi namna gani, iwapo hajui kama watoto wake watalala salama? Maswali hayo ni ya haki, wala si dhambi kuyauliza. Na tuyajibu kwa habari za mji wetu, hasa kwa habari za kijana mmoja aliyezaliwa katikati yetu.

Kwanza tuzikumbuke taabu zenyewe. Mwezi wa Julai 1994 wakimbizi mamia ya maelfu walivuka mpaka kutoka Rwanda, na kipindupindu pamoja na magonjwa mengine ya kuhara yakaua makumi ya maelfu kwa muda wa majuma machache. Alhamisi, tarehe 17 Januari 2002, mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni. Mto wa moto ukashuka, ukapita katikati ya mji, ukaingia ziwani Kivu. Uliteketeza maduka na nyumba, hata na kathedrali yetu ya Mtakatifu Yozefu. Watu zaidi ya 100,000 wakakosa makao. Tarehe 22 Mei 2021 mlima uliwaka tena, na moto ukakoma ukingoni mwa mji. Kisha, mwishoni mwa Januari 2025, vita viliingia mjini. Kundi la M23 likautwaa, watu wengi wakafa, benki zikafungwa.

Tazameni walivyofanya watu wa Goma mwaka 2002. Maelfu walikimbilia Gisenyi. Lakini baada ya siku chache wakaanza kurudi, mawe yangali na moto. Wakapanga mbao zao juu ya mawe yaleyale, wakajenga. Je, walisema kwamba moto ni mzuri? La, hasha! Waliwalilia wafu wao, walililia mali yao, kisha wakamshukuru Mungu kwa uzima uliobaki. Maana shukrani ya Kikristu si kuuita ubaya wema. Bwana wetu Yezu Kristu alilia mbele ya kaburi la Lazaro, na mahali palepale, kabla ya kumwita atoke, alimshukuru Baba yake. Machozi na shukrani vilikaa katika moyo mmoja. Asiyekubali kulia kwa kweli, hata shukrani yake haina kweli.

Lakini njaa huja na mwenzake, naye ni uongo. Sisi Wakongomani tunayo sheria isiyoandikwa po pote, tunaiita kwa mzaha "artikele 15": kila mtu ajitafutie namna ya kuishi. Kwa sheria hiyo wengi wetu tumeokoka kwa jasho la haki: tumesukuma chukudu, tumeuza makala na mboga, tumefuma vikapu. Lakini kwa sheria hiyohiyo wengine wamejifunza kuuza muhuri wa serikali, kupunguza vipimo sokoni, kumwomba mgonjwa hongo, na kusema, "Tufanyeje? Nyakati ni ngumu."

Floribert Bwana Chui alizaliwa hapa Goma tarehe 13 Juni 1981. Taabu tulizozitaja za 1994 na 2002 alizikuta akiwa mtoto na kijana. Alisoma sheria, akaingia katika Jumuiya ya Sant'Egidio, akawa rafiki wa wale watoto wa barabarani tunaowaita maibobo. Aliwaona kuwa wenye haki ya kusoma na kula kama watoto wengine. Baadaye alipata kazi katika OCC, ofisi ya Kongo inayopima na kukagua bidhaa, akawekwa Goma kuangalia vyakula vipitavyo mpakani. Yeye alipaswa kusema: hiki kinafaa kuliwa, hiki kimeoza.

Ikafika siku wafanyabiashara walitaka kuingiza mchele ulioharibika. Floribert akakataa. Wakamwahidi fedha, akakataa. Wakamtisha, akakataa tena. Aliwaza juu ya watu watakaoula mchele ule, akaona kwamba Mkristu hawezi kuuza uhai wa wenzake, na kwamba fedha ile ingekwisha upesi. Tarehe 7 Julai 2007 alitekwa. Usiku wa kuamkia tarehe 8 akauawa, na maiti yake ikaonekana tarehe 9. Alikuwa na umri wa miaka 26, naye alikuwa anatazamia kuoa.

Labda mtu atauliza: habari hii ya huzuni inahusu nini shukrani na furaha? Ndugu, inahusu sana. Mwenye kula hongo hawezi kumshukuru Mungu kwa chakula chake, maana anajua kimetoka wapi. Akifanya ishara ya msalaba mezani, dhamiri yake inamjibu. Bali mwenye mikono safi, hata akiwa na sahani ya sombe tu, aweza kumwambia Baba: umenipa wewe. Neno Ekaristia, katika lugha ya Kigiriki, maana yake ni shukrani. Bwana wetu alishukuru juu ya mkate usiku uleule aliosalitiwa. Ndiyo maana anayekwenda Komunyo Jumapili, na Jumatatu akauza sumu kwa jirani, anajitenga mwenyewe na shukrani hiyo.

Tarehe 2 Februari 2023, huko Kinshasa, Baba Mtakatifu Fransisko alimtaja Floribert mbele ya vijana kama mfano wa kufuata. Mwezi wa Novemba 2024 alithibitisha kwamba kijana huyo ni mfiadini. Na Jumapili ya Utatu Mtakatifu, tarehe 15 Juni 2025, Kardinali Marcello Semeraro akamtangaza kuwa Mwenye Heri, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, Roma. Mwezi ule hapa kwetu benki zilikuwa zimefungwa, na familia nyingi zilikuwa na matanga. Hata hivyo tulifurahi. Hatukufurahi kwa sababu taabu zimekwisha, kwani hazikuwa zimekwisha. Tulifurahi kwa kuwa katika mji uliosemwa vibaya duniani kote, mtoto wetu mmoja hakununulika.

Basi, mwuzaji apime kilo nzima. Muuguzi amtibu maskini bila kunyosha mkono. Mwalimu asiuze alama. Nasi tufundishao dini tuishi yale tunayoyafundisha. Jioni, kabla ya kulala, kila nyumba ihesabu jambo moja la kweli la kushukuru, hata kama ni moja tu. Na kila tarehe 8 Julai tumkumbuke Mwenye Heri Floribert, tukimwomba atuombee amani, na mikono tusiyoona haya kuiinua mbele ya Mungu.