Kaba ya Kiunzi: Historia ya Kifaa Kidogo na Jina Lake

Utangulizi

Wengi wetu tunaoshughulika na tafsiri tumezoea kudhani kwamba kazi ya kuunda istilahi huanza na kamusi. Mtafsiri akutanapo na neno geni hufungua vitabu, hulinganisha maana, kisha huchagua neno linaloelekea kufaa. Makala haya yana shabaha ya kuonyesha kwamba katika mambo ya ufundi njia hiyo haitoshi. Kabla ya kukipa kitu jina, hatuna budi kwanza kujua kilizaliwa kwa shida gani na kinafanya kazi gani. Mfano wetu ni kifaa kidogo sana: pete ya alumini ambayo wenye magari ya michezo huitia baina ya bodi na kiunzi cha chuma kinachobeba magurudumu ya nyuma.

Mwandishi alianza kushughulika na kifaa hiki kwa sababu ya kosa. Gereji moja ilikuwa na karatasi ya maagizo, ukurasa mmoja tu, iliyokwisha kutafsiriwa na mtu mwingine. Katika lugha ya asili jina la pete hiyo ni lile lile la ukosi wa shati, basi mtafsiri, asiyewahi kukiona kifaa chenyewe, aliandika: "Badili ukosi wa bushi." Kijana aliyekuwa akijifunza kazi alilishika neno "badili". Akazikata bushi nne nzima kwa msumeno, ilhali maagizo ya asili yalitaka ziachwe mahali pake na kuongezewa pete. Gari lilikaa juu ya stendi wiki mbili likingoja bushi nyingine. Hakuna aliyeumia, lakini mwenye gari alilipa, na kijana akalaumiwa kwa kosa lisilokuwa lake.

Chasisi ya ngazi

Magari ya kwanza yalirithi umbo la magari yaliyokokotwa na farasi. Ford Model T, lililoanza kuuzwa mwaka 1908, lilikuwa na mihimili miwili mirefu ya chuma iliyoungwa kwa mihimili mifupi, mfano wa ngazi iliyolazwa chini. Injini, springi na ekseli vilifungwa katika ngazi hiyo, na bodi ikawekwa juu yake kama nyumba iwekwavyo juu ya msingi. Malori mengi huundwa hivyo hata leo. Ndiyo sababu fundi wa Afrika Mashariki aweza kununua lori, akajenga juu yake bodi ya basi, na chasisi ikabaki ile ile. Neno "chasisi" lilipoingia katika Kiswahili liliingia pamoja na kitu kilichoonekana kwa macho, wala halikuleta taabu ya maana.

Taabu ilianza pale wahandisi walipoiondoa ngazi. Mwaka 1922 kampuni ya Lancia ya Italia ilionyesha gari la Lambda, ambalo bodi yake yenyewe ndiyo iliyobeba uzito. Mwaka 1934 Citroën ya Ufaransa ilitoa gari la Traction Avant, lenye bodi ya chuma iliyochomelewa ikawa kitu kimoja. Gari la namna hii lafanana na yai: ganda ndilo nguzo. Lilikuwa jepesi kuliko lile la ngazi, na liliweza kukaa chini zaidi barabarani. Lakini lilikuwa na aibu yake. Kila jiwe lililogongwa na gurudumu lilipeleka mtikisiko na kelele moja kwa moja katika ganda, na kutoka katika ganda hadi masikioni mwa abiria.

Kiunzi kidogo na mpira

Dawa iliyopatikana ilikuwa kurudisha sehemu ndogo ya ile chasisi ya kale. Gari la Mini, lililobuniwa na Alec Issigonis na kutolewa mwaka 1959, lilikuwa na viunzi viwili vidogo vya chuma, kimoja mbele na kimoja nyuma. Magurudumu yalishikwa na viunzi, na viunzi vikashikwa na bodi. Mwaka 1961 Jaguar ilitoa gari la michezo la E-type, ambalo difu yake na mikono ya magurudumu ya nyuma vilikusanywa katika kiunzi kimoja kilichoning'inizwa chini ya bodi kwa vipande vya mpira. Mini nayo ilitiwa mpira kwenye kiunzi chake cha mbele mwaka 1976, kwa sababu hiyo hiyo ya kupunguza kelele.

Hapa ndipo bushi ilipopata kazi ya pili. Watu wengi huijua bushi katika mikono na springi, mahali penye kuzunguka. Bushi ya kiunzi haizunguki. Ni bomba fupi la chuma lililozungukwa na mpira mnene. Bolti hupita katikati, na mpira hukaa baina ya chuma na chuma ili usiruhusu mtikisiko kupita. Mwaka 1982 Mercedes-Benz ilitoa gari la 190, ambalo kila gurudumu lake la nyuma lilishikwa na mikono mitano. Mwaka 1988 Nissan ya Japani ilitoa Silvia ya namna ya S13, ambayo nayo ilikuwa na mikono mingi nyuma, yote ikishikwa na kiunzi kimoja pamoja na difu. Kiunzi hicho kimefungwa katika bodi mahali panne, na kila mahali pana bushi yake.

Yafaa tukumbuke kwamba magari ya michezo ya Japani si mageni kwetu. Datsun 240Z, lililotengenezwa na kampuni hiyo hiyo ya Nissan, lilishinda mbio za Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta. Maneno kama bushi, difu na shokomzoba yalikwisha kuwa vinywani mwa mafundi wetu kabla hayajaandikwa katika orodha yoyote. Gereji ilitangulia, kamusi ikafuata.

Pete yenyewe

Mpira humpendeza abiria lakini humuudhi mshindani. Dereva akandamizapo mafuta kwa nguvu, kiunzi chote hujipinda na kusogea milimita chache kabla gari halijaitika. Kusogea huko hubadili mwelekeo wa magurudumu, na dereva huhisi kana kwamba nyuma ya gari ina akili yake yenyewe. Mpira ukizeeka na kupasuka, jambo huzidi. Fundi wetu husema kwa kifupi kabisa: "Bushi inacheza." Silvia ndilo mojawapo ya magari yaliyopendwa zaidi katika mchezo wa kulitelezesha gari kwenye kona, mchezo ambao Keiichi Tsuchiya aliusambaza sana nchini Japani tangu miaka ya 1980. Katika mchezo huo kiunzi kisichotulia ni adui.

Tiba zake ni tatu. Ya kwanza ni kuziondoa bushi za mpira na kutia za alumini tupu. Kiunzi hutulia kabisa, lakini kelele ya difu huingia ndani ya gari, na kazi ya kuzitoa bushi za zamani ni ndefu. Ya pili ni kutia bushi za plastiki ngumu. Ya tatu, iliyo rahisi kuliko zote, ni kuziacha bushi mahali pake na kuziba nafasi zilizozizunguka kwa pete. Hiyo ndiyo pete tunayoizungumzia.

Kazi ya kuitia ni hii. Gari huinuliwa na kuwekwa juu ya stendi zilizoshika bodi, si kiunzi. Kisha jeki huwekwa chini ya kiunzi ili kukipokea. Nati hulegezwa, na kiunzi hushushwa kidogo tu, huku fundi akiangalia mabomba ya breki yasivutwe. Pete huingizwa juu ya bushi na chini yake, mpira ukabanwa katikati usipate pa kukimbilia. Kiunzi hupandishwa, na nati hukazwa kwa spana ya kipimo kwa kadiri iliyoandikwa na mtengenezaji. Mwisho gari hupelekwa kupimwa mwelekeo wa magurudumu, kwa sababu kiunzi kikisogea hata kidogo magurudumu nayo husogea.

Kuna na aina ya pili, ambayo kampuni ya Spoon ya Japani imeieneza. Katika magari mengi tundu la bolti hufanywa kubwa kidogo kuliko bolti yenyewe ili kurahisisha kazi kiwandani. Pete ya alumini laini, iliyochongwa ikawa nyembamba upande mmoja, huingia katika nafasi hiyo. Bolti ikazwapo, pete hujibana, hujaza tundu na kukiweka kiunzi katikati. Aina zote mbili zina tabia moja: hazichukui nafasi ya kitu chochote kilichokuwapo. Huongezwa tu.

Jina

Sasa, kwa kuwa tumejua kazi, twaweza kuzungumzia jina. Tuanze na kiunzi. Wako mafundi wasemao "krosmemba", lakini hilo ni jina la mhimili mmoja wa kukingama, nalo halitoshi kwa fremu nzima. Neno "fremu" lina kazi nyingi mno: fremu ya picha, fremu ya mlango, hata fremu ya duka. "Kiunzi" ni neno la waunda vyombo vya baharini, nalo linataja umbo la ndani linaloshika mengine. Twaona linafaa, na tukisema "kiunzi cha nyuma" hakuna atakayedhani ni chasisi.

Kwa pete yenyewe yamependekezwa maneno kadhaa. "Kola" na "ukosi" humpeleka msomaji kwa mshonaji. "Wosha" ni kosa, kwa sababu wosha hulala chini ya nati na kutandaza mkandamizo, haizibi nafasi. "Kabari" lina sifa ya kubana, lakini kazi ya kabari ambayo wengi huijua ni kupasua kuni, yaani kutenganisha. "Pete" ni neno zuri na kila mtu analielewa, ila halisemi pete hiyo yafanya nini.

Pendekezo letu ni "kaba". Kaba ya kanzu huzunguka shingo, hushonwa juu ya kanzu bila kuondoa kitambaa cha chini, na huipa shingo nguvu isilegee. Isitoshe, kitenzi "kukaba" ni kubana kwa nguvu. Umbo, mahali na kazi vyote vimo katika neno moja. Tulipolieleza mbele ya mafundi wachache, mmoja wao aliuliza swali ambalo kila mtunga istilahi angepaswa kujiuliza: "Yawekwa badala ya bushi, au pamoja na bushi?" Kabla hatujajibu, mwenzake alisema, "Umewahi kuona kaba imevaliwa bila kanzu?"

Hitimisho

Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1967 lilipewa jukumu la kukuza lugha itumike katika shughuli zote za taifa. Kazi hiyo haifanywi mezani peke yake. Walimu wa ufundi, watafsiri na maofisa wanaoandika maagizo ya kazi wanaombwa walijaribu neno hili mbele ya wale watakaolitumia, na kama mafundi wana neno bora zaidi, lao litangulie. Lakini neno lolote litakalochaguliwa, sharti limwambie kijana aliye chini ya gari, mwenye msumeno mkononi, asikate.