Nguvu ya Kuazima: Darasa la Uchaguzi wa 1995

Kila kampeni zikifika, vijiweni haukosekani ubishi mmoja: nani ana nguvu, nani ana uzoefu. Huyu atasema, "Mtu wetu anajaza viwanja!" Mwenzake atamjibu, "Kujaza viwanja siyo kuongoza nchi. Wetu kashika wizara nne." Basi watabishana mpaka birika la kahawa liishe, na kila mtu aende kwake na mtu wake uleule. Mimi naona maneno haya mawili tunayatumia sana bila kuyapima. Na kwa anayetaka kujifunza kuyapima, sijaona darasa zuri kama uchaguzi wa Tanzania wa mwaka 1995.

Hebu turudi nyuma kidogo. Kabla ya hapo, wananchi wa Tanganyika walipata kuchagua Rais kati ya wagombea wawili mara moja tu, Novemba 1962. Siku hiyo Mwalimu Julius Nyerere wa TANU alimshinda Zuberi Mtemvu, ambaye hakufikisha hata kura 2 katika kila 100. Kuanzia 1965 hadi 1990 mgombea urais alikuwa mmoja tu, na kazi ya mpiga kura ilikuwa kusema Ndiyo au Hapana. Kwenye ubunge walishindana wawili, mmoja wa jembe na mwingine wa nyumba, lakini wote wa chama kilekile. Kwa hiyo vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, nchi ilikuwa imejaa watu wazima, wenye watoto na wengine wenye wajukuu, ambao hawajawahi kumlinganisha mtu na mtu kwa kiti cha Ikulu.

Ndipo 1995 wakaletewa wanne kwa mpigo. Benjamin Mkapa wa CCM, Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi, Profesa Ibrahim Lipumba wa CUF, na John Cheyo wa UDP, yule waliyemwita Bwana Mapesa. Lakini ubishi mkubwa ulikuwa juu ya wawili wa mwanzo.

Mrema alikuwa mtu wa nguvu. Alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani kuanzia 1990, amri zake za siku saba zilijulikana nchi nzima. Ofisini kwake walipanga foleni waliodhulumiwa mashamba, waliocheleweshewa haki zao, hata waliogombana na wake zao. Mzee Mwinyi akamwongezea cheo cha Naibu Waziri Mkuu, cheo ambacho hakikuwamo kwenye Katiba. Mwisho wa 1994 akahamishiwa Wizara ya Kazi, na Februari 1995, baada ya kuikosoa bungeni serikali yake mwenyewe, akafukuzwa. Machi akajiunga na NCCR-Mageuzi. Wee! Mikutano yake ilifurika, na vijana walisukuma gari lake kwa mikono yao kana kwamba mafuta hayauzwi.

Mkapa alikuwa mtu wa uzoefu. Mzaliwa wa Lupaso, Masasi, msomi wa Makerere, mhariri wa magazeti ya chama na ya serikali, mwandishi wa habari wa Rais Nyerere, balozi, tena Waziri wa Mambo ya Nje kwa vipindi viwili. Karatasi yake ilikuwa ndefu. Lakini muulize mchuuzi wa wakati ule Mkapa ni nani, angekuna kichwa kwanza. Hata ndani ya chama chake, kule Dodoma Julai 1995, duru ya kwanza aliongoza Jakaya Kikwete, na Mkapa akapita duru ya pili kwa kura 686 dhidi ya 639. Baada ya hapo Mwalimu, aliyekuwa ametoka Ikulu miaka 10 iliyopita, akazunguka nchi kumnadi. Jina la Bwana Msafi likaenea.

Sasa hapa ndipo penye hoja yangu. Tuwatazame vizuri wote wawili. Nguvu ya Mrema ilitoka wapi? Amri ya siku saba ilitisha kwa sababu nyuma yake palikuwa na polisi, na polisi hawakuwa wake. Alipewa na Rais. Na Mkapa je? Sauti iliyowatuliza wananchi haikuwa yake, ilikuwa ya Mwalimu. Kumbe tuliambiwa tuchague kati ya nguvu na uzoefu, ilhali wagombea wote wawili walikuwa wamesimama jukwaani na nguvu ya kuazima. Na wahenga walishasema, nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Mkapa alipata asilimia 61.8, Mrema 27.8. Hata mizani yenyewe haikuwa sawasawa. Dar es Salaam vifaa vilichelewa na vurugu zikawa nyingi, uchaguzi wa Oktoba 29 ukafutwa na kurudiwa Novemba 19, wapinzani wakisusa. Kwa hiyo namba zile peke yake hazitoshi kutuambia nani alikuwa bora. Sisi tunaojifunza kuandika hadithi tunajua kwamba mhusika hajulikani siku anayopewa panga. Anajulikana siku anayonyang'anywa.

Mrema alinyang'anywa mapema, na haki tumpe: watu walimfuata hata bila cheo, na mwaka 1996 aliushinda ubunge wa Temeke. Hilo lilikuwa lake mwenyewe. Lakini chama hakiendeshwi kwa amri ya siku saba. NCCR ilipasuka kwa ugomvi wa viongozi, na 1999 akahamia TLP. Mwaka 2000 kura zake za urais hazikufika asilimia 8, na 2005 hazikufika hata asilimia 1.

Mkapa alinyang'anywa mwegemeo wake Oktoba 14, 1999, Mwalimu alipofariki. Hapo uzoefu ulionekana kuwa wa kweli: Mamlaka ya Mapato ilikuwa imesimama tangu 1996, madeni ya nje yakapunguzwa, ada ya shule za msingi ikafutwa. Mwaka 2000 alishinda kwa zaidi ya asilimia 70. Lakini Januari 2001 polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji wa CUF Pemba na Unguja. Watu wakafa, na zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Mtu aliyetumia miaka mingi kupatanisha mataifa ya watu alishindwa kuizuia damu nyumbani kwake. Mwenyewe alikiri katika kitabu cha maisha yake, 2019, kwamba jambo lile lilibaki doa. Na lile jina la Bwana Msafi nalo, baada ya kustaafu 2005, likahojiwa kwa ajili ya mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira.

Wote wawili wametutoka sasa, Mkapa 2020 na Mrema 2022. Siandiki kuwasuta. Naandika kwa sababu siku ile ya risasi Pemba, waliolipa si wale waliobishana kuhusu wizara ngapi mtu ameshika.

Kwa hiyo kampeni zikija tena, vijana wenzangu, tusiulize tu kiwanja kimejaa au hakikujaa, wala tusihesabu vyeo kama shanga. Tuulize: hii nguvu ni ya nani, na mwenyewe akiitaka, huyu mtu atabaki na nini? Wakati wa ugomvi alifanya nini, na siyo alikuwa na cheo gani? Aliposhindwa, aliwafanyia nini waliomshinda? Na aliposhinda, aliwafanyia nini walioshindwa? Maswali haya hayana majibu ya haraka, na pengine kahawa itaisha kabla hatujayamaliza. Lakini afadhali ubishi huo kuliko kusukuma gari la mtu bila kujua tunalipeleka wapi.