Mwaka wa Kwanza wa Ndoa ya Karl na Zita

Sisi tunaofundisha wachumba tumezoea kusikia neno moja kutoka kwa vijana: «Katekista, hao watakatifu unaotusimulia ni mapadri na masista. Wao hawakujua taabu ya kupanga nyumba, wala ya mke kutapika asubuhi, wala ya mume kuitwa kazini mbali.» Neno hilo si la upumbavu. Basi leo tumechagua kueleza habari za mume na mke, na za mwaka mmoja tu wa maisha yao, ule waliokuwa wakimngoja mtoto wao wa kwanza. Mume ni Karl wa Austria, ambaye Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri tarehe 3 Oktoba 2004. Mke ni Zita wa Bourbon-Parma. Yeye bado hajatangazwa, ila uchunguzi wa maisha yake ulifunguliwa mwaka 2009 katika jimbo la Le Mans, Ufaransa.

Mtatuambia: «Lakini hao ni watoto wa wafalme!» Ni kweli. Hawakuteka maji kisimani. Hata hivyo someni kwanza.

Karl alizaliwa tarehe 17 Agosti 1887. Kaisari wa Austria na Hungaria, Franz Joseph, alikuwa ndugu wa babu yake. Mama yake, Maria Josepha, alikuwa mwanamke wa sala. Lakini baba yake, Otto, hakumpa mkewe heshima ya ndoa. Anasa zake zilijulikana mjini Vienna kote, na alikufa mwaka 1906 akiwa na miaka 41 tu. Tunataka mlikumbuke jambo hili. Methali yetu yasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na wengi huitumia kama hukumu: mwana wa mzinzi atakuwa mzinzi. Karl alikuwa na miaka 19 alipomzika baba wa namna hiyo, naye akaishi na mke mmoja tu hata kufa. Ni nani aliyemlea basi? Mama yake, tena walimu wake, tena nia yake mwenyewe.

Zita alizaliwa tarehe 9 Mei 1892 huko Pianore, Italia. Alikuwa mtoto wa kumi na saba wa baba yake, Robert wa Parma, aliyepata watoto ishirini na wanne kwa wake wawili, wa pili baada ya kufiwa na wa kwanza. Tunajua hapa kwetu wako watakaotabasamu. Baba huyo alikuwa amenyang'anywa nchi yake tangu utoto, kwa hiyo Zita alikua katika ukoo wa wafalme wasio na ufalme. Alisoma kwa masista huko Bavaria, kisha kwa Wabenediktini katika kisiwa cha Wight, Uingereza.

Walichumbiana mwezi wa Juni 1911. Mwezi huo huo Zita alikwenda Roma na mama yake kumwamkia Papa Pio wa Kumi. Papa akampongeza kwa kuolewa na mrithi wa kiti cha Kaisari. Zita akamsahihisha kwa adabu: mrithi ni Franz Ferdinand, baba mkubwa wa Karl, wala si Karl. Papa akashikilia neno lake. Habari hii ilisimuliwa na Zita mwenyewe baadaye, na kila msomaji aipime apendavyo. Sisi tunaloliona ni kwamba binti wa miaka 19 hakufurahia kupewa cheo kisicho chake.

Walifunga ndoa tarehe 21 Oktoba 1911, katika ngome ya Schwarzau, karibu na Vienna. Aliyewafungisha ni Monsinyori Bisleti, aliyetumwa na Papa, na mzee Kaisari mwenyewe, mwenye miaka 81, alihudhuria kwa furaha. Furaha yake ilikuwa na sababu. Mwana wake wa pekee, Rudolf, alikuwa amejiua mwaka 1889. Franz Ferdinand naye alikuwa amemwoa mwaka 1900 mwanamke asiye wa ukoo wa kifalme, kwa sharti kwamba watoto wao hawatarithi. Kwa hiyo tumaini la nyumba ile nzima lilimwangukia Karl na tumbo la bibi arusi. Tazameni hapo: je, hamlijui jambo hili? Ni mabinti wangapi katika vijiji vyetu wameingia nyumbani kwa mume, na kabla hata mwezi haujapita ukoo mzima unawatazama tumboni? Mzigo ule wa Zita ulikuwa mkubwa kuliko wao, maana waliomtazama walikuwa serikali na magazeti.

Ndani ya pete zao waliandikisha kwa Kilatini maneno ya mwanzo ya ile sala ya kale ya kukimbilia ulinzi wa Mama wa Mungu. Karl alimwambia mkewe kwamba sasa wajibu wao ni kusaidiana kufika mbinguni. Baada ya arusi wakaenda kuhiji Mariazell, mahali pa Bikira Maria panapopendwa kuliko pote katika Austria, wakaiweka ndoa yao mikononi mwake.

Karl alikuwa afisa wa askari wa farasi. Kwanza walikaa Brandýs, mji mdogo wa Bohemia juu ya mto Elbe. Mapema mwaka 1912 ikaja amri: rejimenti ihame kwenda Kolomea, katika Galicia, mpaka wa mashariki kabisa wa dola, chini ya milima ya Karpati. Leo mji huo umo katika nchi ya Ukraine. Ulikuwa mbali sana na Vienna, na watu wake walikuwa Wapolandi, Waukraine na Wayahudi, kila kabila kwa lugha yake na sala yake. Zita angeweza kubaki nyuma katika jumba zuri, na hakuna ambaye angemlaumu. Akamfuata mumewe.

Sasa hesabuni pamoja nasi. Mtoto alizaliwa tarehe 20 Novemba 1912. Rudini nyuma miezi tisa, mnafika Februari. Maana yake ni kwamba siku zile za kuhamahama ndizo alizoanza mimba, na kwamba ile miezi ya kwanza, ambayo kila mama anaijua, ilimkuta katika mji wa kambi, mbali na mama yake, akiwa hajatimiza miaka ishirini. Wake wa askari na wa walimu wanaosoma haya hawahitaji maelezo yetu.

Hapa sisi tunapenda kusimama kidogo. Katika mafundisho ya ndoa tunalirudia sana lile agizo kwamba mume na mke wawe mwili mmoja, na vijana hulikariri vizuri. Lakini tumewaona waume wengi wanaomrudisha mke kwa wazazi wake mara tu mimba inapoonekana, nao wanabaki mjini «kwa ajili ya kazi», na kwa miezi hiyo wanaishi kama wasiooa. Tumesuluhisha kesi za namna hiyo, na mara nyingine tumeshindwa. Kumrudisha mke ajifungue kwa mama yake ni desturi njema ya wazee. Ubaya umo katika kubaki kwa mume. Karl, mwana wa Otto yule, aliwekwa mpakani penye kila nafasi ya kufuata njia ya baba yake. Akachagua kuwa na mkewe kando.

Siku zilipokaribia, Zita alirudi Austria, katika nyumba ya Wartholz, huko Reichenau. Hata hapo desturi ya wazee ilifuatwa kuliko mnavyodhani, maana nyumba hiyo ilijengwa na babu yake Karl, na mjane wa babu huyo, Maria Theresa, alikuwa dada mkubwa wa mama yake Zita. Hivyo Zita alikwenda kujifungua kwa mama yake mkubwa, na Karl kwa bibi yake wa kambo. Karl naye alihamishwa Vienna, akapewa cheo cha meja katika rejimenti ya 39 ya askari wa miguu.

Lakini majira yale hayakuwa ya utulivu. Tarehe 8 Oktoba 1912 vita vilianza katika Balkani, kusini mwa dola yao. Serbia, Bulgaria, Ugiriki na Montenegro ziliwapiga Waturuki, na watu wengi wa Vienna walidhani Austria nayo itaingia vitani wakati wowote. Zita alikuwa katika mwezi wa nane. Mumewe ni askari. Vita vile havikuwafikia mwaka ule. Vilingoja miaka miwili.

Mtoto akazaliwa salama, mvulana. Tarehe 25 Novemba Kardinali Nagl, askofu mkuu wa Vienna, akambatiza. Baba wa ubatizo alikuwa Kaisari, na Franz Ferdinand alisimama kwa niaba yake. Mama wa ubatizo alikuwa bibi yake, mama wa Zita. Alipewa majina zaidi ya kumi, lakini aliitwa Otto, jina la babu yake. Sisi Waafrika tunaelewa uzito wa jina. Karl alikuwa na majina mengi ya wafalme wema ya kuchagua, naye mwanawe akaitwa kwa jina la baba yule aliyemwaibisha mama yake. Kwa maoni yetu, hapo Karl alikuwa amekwisha kumsamehe.

Yaliyofuata yanajulikana katika vitabu. Franz Ferdinand aliuawa Sarajevo tarehe 28 Juni 1914, na neno la Papa Pio likawa kweli. Karl akawa Kaisari mwezi wa Novemba 1916, katikati ya vita. Akatafuta amani kwa siri mwaka 1917 kwa mkono wa Sixtus, ndugu wa Zita, aliyekuwa askari katika jeshi la Ubelgiji, upande wa adui. Akashindwa, akafukuzwa nchini mwaka 1919. Yule mtoto wa Wartholz alisoma Louvain, chuo kile kile kilichozaa Lovanium yetu ya Léopoldville, akawa mbunge wa Bunge la Ulaya miaka ishirini, akafa mwaka 2011 mwenye miaka 98.

Karl alikufa kwa ugonjwa wa mapafu katika kisiwa cha Madeira, tarehe 1 Aprili 1922, akiwa na miaka 34, maskini. Zita alikuwa mjamzito tena, mimba ya nane. Binti huyo, Elisabeth, alizaliwa Hispania tarehe 31 Mei, miezi miwili baada ya kifo cha baba yake. Mama yake alivaa nguo nyeusi tangu mwaka ule, asizivue mpaka alipokufa yeye mwenyewe mwaka 1989. Na Kanisa lilipomwekea Karl sikukuu, halikuchagua siku aliyokufa. Lilichagua tarehe 21 Oktoba, siku ya arusi.