Seva ya ofisi: Folda ya data ikaguliwe kabla ya kuwasha hifadhidata

Kwa wakala wa forodha au msafirishaji mwenye ofisi Kagugu, wilayani Gasabo, seva ndiyo daftari la kazi. Humo mna namba za makontena, ankara, madeni ya wateja na safari za malori yanayotoka Dar es Salaam kupitia Rusumo au Mombasa kupitia Gatuna. Umeme ukikatika ghafla, haraka ya kuiwasha upya inaweza kuleta hasara kuliko kukatika kwenyewe.

Wanaotumia PostgreSQL wanashauriwa kuhakikisha mambo yafuatayo kwanza:

1. Diski. Ikiwa data iko kwenye diski ya pembeni ambayo haijaunganishwa, folda itaonekana tupu. Hapo usitumie amri ya initdb. Amri hiyo huanzisha hifadhidata mpya isiyo na kitu, na ofisi itadhani kumbukumbu zimepotea wakati zipo salama kwenye diski.

2. Mmiliki na ruhusa. Folda iwe mali ya akaunti inayoendesha seva, kwa kawaida postgres, na ruhusa iwe 700. Tangu toleo la 11 la mwaka 2018, 750 pia inakubalika. Anayeweka 777 ili kurahisisha mambo ataona seva ikikataa kuwaka.

3. Toleo. Fungua faili la PG_VERSION. Likisema 12 na programu iliyowekwa ni 16, seva haitawaka mpaka data ihamishwe, kwa mfano kwa pg_upgrade.

4. Faili la postmaster.pid. Huonyesha kuwa seva inafanya kazi au ilizimika vibaya. Lisifutwe kabla ya kuthibitisha kwamba hakuna seva nyingine inayotumia folda hiyo. Seva mbili kwenye folda moja huharibu data.

5. Nafasi. Diski ikijaa, usifute kilichomo kwenye pg_wal, ambayo kabla ya toleo la 10 la mwaka 2017 iliitwa pg_xlog. Humo ndimo seva inamosoma mabadiliko ya mwisho ili ijirekebishe baada ya kuzimika. Ongeza nafasi au hamisha mafaili yasiyohusu hifadhidata.

Kabla ya kurekebisha chochote, nakili folda nzima kwenye diski nyingine seva ikiwa imezimwa. Fundi akikosea, kazi itaanza tena kutoka kwenye nakala hiyo, na hesabu za wateja zitabaki.