Picha moja, sauti nyingi

Siku hizi nakusanya video za afya za kuweka kwenye kompyuta ya maktaba ndogo ya wauguzi hapa Mbita. Zipo tele, ila karibu zote nilizopata ni za Kiingereza. Anayehitaji habari za kichocho ni mvuvi na mama anayefua ziwani, na lugha yao ni Kijaluo.

Ndugu msomaji, tatizo hili si geni. Mwaka 1935 mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment ulipiga kambi Vugiri, milima ya Usambara, Tanganyika. Hadi 1937 ulikuwa umetengeneza filamu fupi 35, mojawapo ya minyoo ya safura. Filamu zilikuwa bubu. Maelezo yalirekodiwa kwenye santuri. Ukitaka lugha nyingine unabadilisha santuri, picha ni ile ile. Lori lilizungushwa Tanganyika, Kenya na Uganda, na Kijaluo kilikuwa miongoni mwa lugha hizo.

Ulikuwa mradi wa kikoloni, Wazungu wakiamua Mwafrika aone nini. Santuri nayo ikiruka, maneno yanaachana na picha. Lakini muundo ulikuwa sahihi: picha mbali, lugha mbali.

Leo faili moja la MP4 hubeba sauti kadhaa bila shida hiyo. Basi wenye maktaba, mkihifadhi video ya afya, hifadhini pia nakala isiyo na sauti ya msimulizi, pamoja na maelezo yake kwa maandishi. Muuguzi mwenye simu atarekodi Kijaluo mwenyewe, na mvuvi ataelewa.