Nyumba za Majini: Visa vya Magofu ya Lamu na Yaliyo Nyuma Yake

Hakuna mui wa kale katika visiwa vyetu usiokuwa na nyumba yake ya majini. Amu ina zake, Shela ina zake, na ukivuka kwenda Siyu au Pate utaonyeshwa nyengine. Mara nyingi ni nyumba ya mawe kando ya bahari au mwisho wa mtaa. Dari imeanguka, mlango ulishang'olewa zamani, na mti umeota juu ya ukuta. Visa vyake navyo hufanana. Taa huonekana ikiwaka dirishani na ndani hamna mtu. Usiku husikika mchi ukitwanga kinuni. Harufu ya udi hupita kichochoroni saa ambayo watu wamelala. Na aliyejitia ushujaa akalala humo, husemwa aliamka alfajiri yuko nje, kalazwa mchangani.

Makala haya yanaeleza visa hivi vimetoka wapi, dini inasema nini juu yake, na kwa nini si jambo la kuchekwa tu na kupitwa.

Tunachokiogopa kina majina mengi

Kiswahili hakina neno moja la kitu hiki. Jini ni kiumbe aliyetajwa katika Qur'ani, aliyeumbwa kwa moto, na ana sura nzima yenye jina lake, sura ya 72. Pepo, katika matumizi yetu ya pwani, ni yule anayempanda mtu na kupungwa kwa ngoma. Mzuka ni kinachotokea ghafla mbele ya mtu kisha kikapotea. Mzimu na koma ni roho za waliokufa, na mizimuni ni mahali wanapopelekewa sadaka, aghlabu chini ya mbuyu au pangoni.

Tofauti hii ina maana. Mzungu akisimulia nyumba ya kutisha, mara nyingi anayekaa humo ni roho ya maiti. Sisi tukisema nyumba ina wenyewe, tunakusudia majini waliohamia baada ya watu kuhama. Kwa mafunzo ya Uislamu, aliyekufa yuko barzakhi na harudi kuzurura mtaani. Kwa hiyo hata Muislamu anayeamini kuwa majini wapo, na ni wajibu kuamini, hana haja ya kuamini kuwa babu wa jirani yake anatembea darini.

Takwa, mui uliohamwa

Gofu linalotajwa zaidi katika visa vya Lamu ni Takwa, katika kisiwa cha Manda. Hufikiwa kwa mashua kupitia mkondo ulio katikati ya mikoko, na maji yakitoka mkondo haupitiki. Ukishuka unakuta kuta za nyumba za mawe, mibuyu mikubwa, na msikiti wa Ijumaa ambao juu ya ukuta wake wa kibla pamesimama nguzo. Nje ya ukuta wa mji, upande wa bahari, lipo kaburi la nguzo lenye mwaka wa Hijria 1094, yaani 1681 au 1682 Miladia.

Takwa ilikaliwa tangu karne ya 15 hivi, ikahamwa mwishoni mwa karne ya 17. Sababu mbili hutajwa: maji ya visima kugeuka chumvi, na ugomvi na Pate. Wenyewe walivuka mkondo wakaenda Shela. Ndiyo maana watu wa Shela wenye asili ya huko wamekuwa wakirudi Takwa kwenye lile kaburi kuomba dua, hasa ya mvua.

Tazama basi jinsi kisa kinavyozaliwa. Mui mzima umehamwa. Hakuna anayelala huko. Wanaofika ni wavuvi, wakata mikoko, na watu wa ziara siku ya dua. Mtu akichelewa na maji yakamtokea, analazimika kungoja gizani baina ya kuta za watu waliokufa zaidi ya miaka 300 iliyopita. Hahitaji jini ili aogope. Atakachokisikia usiku huo ndicho atakachokisimulia asubuhi, na wa pili atakwenda akiwa tayari amekisikia.

Si Lamu peke yake

Huko Gedi, karibu na Watamu, James Kirkman alichimba magofu kuanzia 1948. Mtaalamu huyo, aliyezoea kufukua makaburi, aliandika kwamba siku za mwanzo alikuwa akihisi kuna mtu au kitu kinamwangalia kutoka nyuma ya kuta. Humo Gedi zilipatikana pia vyungu vilivyofukiwa penye milango. Hilo ndilo fingo: chungu au kago lililowekwa ardhini ili jini alinde mahali, na mwenye nia mbaya akiingia arukwe na akili. Kwa maneno mengine, baadhi ya wajenzi wa nyumba zetu wenyewe ndio waliotaka iaminike kuwa mna jini. Jini alikuwa askari wa mlango.

Mombasa ipo nguzo ya Mbaraki, karibu na bandari, ambako watu wamekuwa wakipeleka ubani na maji ya waridi kwa anayeaminiwa kukaa ndani yake. Unguja ipo nyumba ya Mambo Msiige ufukweni mwa Mji Mkongwe. Husimuliwa kwamba chokaa yake ilichanganywa na mayai kwa maelfu, na kwamba watumwa walijengewa ukutani wakiwa hai.

Kisa hicho cha Unguja kinatufungua macho kwa visa vyetu. Rudi kwenye ule mchi unaotwanga usiku. Katika nyumba kubwa za mawe za Amu na Pate, nani aliyekuwa akitwanga? Hakuwa bibi mwenye nyumba. Alikuwa mjakazi, ambaye jina lake halikuandikwa juu ya kaburi lolote lenye nguzo. Utumwa ulikomeshwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, lakini haukuzungumzwa barazani. Pengine kile ambacho wazee waliona haya kukisema mchana kilipata njia ya kutoka usiku, ndani ya kisa cha majini.

Hali ni hiyo hiyo kwa mchanga wa Shela. Karibu mwaka 1812 majeshi ya Pate na Mazrui wa Mombasa yaliteremka hapo kuipiga Amu, yakashindwa, na wengi wakafia ufuoni kwa kuwa maji yalikuwa yametoka na vyombo vimekwama. Upepo ukihamisha mchanga, mifupa imewahi kuonekana. Anayesema kwamba ufuo ule una watu wake usiku hajakosea sana. Una watu wake kweli, ila wamelala.

Nyumba yenyewe inavyosema

Nyumba ya kale ya Amu imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Dari yake hushikwa na boriti za mikoko, juu yake mawe na chokaa tena. Kwa kuwa boriti hazifiki mbali, vyumba ni vyembamba na virefu, kimoja nyuma ya chengine: daka, kiwanda, misana, kisha ndani. Kadiri unavyoingia ndivyo mwanga unavyopungua. Chumba cha ndani kabisa ndicho walichozalia wanawake na ndicho maiti alichooshewa. Mtoto aliyekua katika nyumba hiyo alijua tangu mdogo kwamba kule nyuma ndiko watu wanakoingilia duniani na wanakotokea.

Nyumba kama hiyo ikikaa bila mtu, mvua huingia darini, chokaa hulainika, boriti huoza. Vipande huanguka kimoja kimoja, na usiku wa kimya kishindo chake husikika mitaa miwili. Popo hukaa kwenye vyumba vya giza, bundi kwenye kuta. Upepo wa kusi ukipiga kutoka baharini huvuma kwenye zidaka na matundu ya ukuta kama mtu anayelia. Taa za wavuvi nazo humulika madirishani. Na nyumba ambayo kila mtu anaogopa kuiingia ni mahali pazuri kwa mtu mwenye siri: mwizi anayeficha mali, kijana anayevuta unga. Huyo naye hapendi kisa kife.

Sisemi kwamba kila kinachosikika ni boriti na popo. Ninasema kwamba kabla ya kumwita mtu wa kupunga, mwite fundi.

Hofu iliyolinda na hofu inayobomoa

Tuwe waadilifu: hofu hii imetufaa. Kwa miaka mingi mawe ya magofu yangekuwa yamechukuliwa kujengea mabanda lau si watu kuogopa kuyagusa. Lakini leo hofu hiyo hiyo inatudhuru, na hapa ndipo ninapotaka msomaji anisikilize vyema.

Nyumba nyingi zinazoitwa za majini hazikuhamwa kwa sababu ya majini. Zilihamwa kwa sababu ya mirathi. Mzee alikufa, warithi wakawa kumi, kisha wajukuu ishirini, wengine Mombasa, wengine Malindi, wengine Arabuni. Hakuna anayetaka kutia chokaa nyumba ambayo si yake peke yake. Miaka inapita, dari inaanguka, na anayepita anasema, "Hii ina wenyewe." Kweli ina wenyewe. Ni ndugu ishirini wasiosemezana.

Jina la majini likishakaa, bei huporomoka kabla ya ukuta. Mwenye nyumba huiona balaa, humshukuru yeyote atakayemwondolea. Mnunuzi kutoka mbali hana habari na jini wetu. Anatengeneza dari, anapaka chokaa, anaweka taa, na majini hawasikiki tena. Tembea Shela leo uhesabu nyumba zilizotoka mikononi mwa wenyeji, kisha ujiulize kwa nini jini huwatisha wajukuu wa mwenye nyumba tu.

Mji wa kale wa Lamu uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na tunayo sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006. Lakini sheria haitii chokaa. Beit al-Ajaib ya Unguja, aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883 na inayojulikana dunia nzima, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Ikiwa jumba kama lile limeanguka, nyumba ya uchochoroni Mkomani itasimamishwa na nani?

La kufanya

Dini imetupa njia iliyo nyepesi. Hadithi sahihi inatufundisha tusifanye nyumba zetu makaburi, na kwamba nyumba inayosomwa Suratul Baqara shetani huikimbia. Maana yake nyumba huhuishwa kwa kukaliwa na kusomwa. Na sura ile ya 72 inataja watu waliokuwa wakijikinga kwa majini, wakazidishiwa upotofu. Fingo na mbuzi mweusi havimo katika dawa yetu.

Kwa upande wa dunia, warithi wakutane. Wakishindwa kukubaliana, mahakama ya Kadhi ipo kwa kazi hiyo. Kila mmoja ajue sehemu yake, na anayeweza kutengeneza aruhusiwe kuinunua kwa wenzake, au wote waifanye wakfu kwa madrasa au kwa wasio na makao. Kabla ya kubomoa chochote, ofisi ya makumbusho iulizwe, maana mafundi wa chokaa na boriti bado wapo, na kila mwaka wanapungua.

Na visa? Visa tuvihifadhi. Tuwaulize wazee wa Siyu, Faza, Kizingitini na Pate, tuviandike pamoja na jina la nyumba na aliyeijenga. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliyatazama majumba ya Pate yaliyohamwa, ndege wakilala katika madaka yaliyokuwa ya sahani, akatunga Al-Inkishafi. Naye pia alisimama mbele ya nyumba tupu. Hakutaka tukimbie. Alitaka tukumbuke kwamba waliokuwamo walikuwa watu kama sisi, na zamu yetu inakuja.

Nyumba ya majini ikifagiliwa, ikawashwa taa, ikaadhiniwa mtoto ndani yake, jina lile hujifuta lenyewe.