Kiama si kipigo tu

Vichwa vya habari vimetuzoesha: "Kiama cha wala rushwa", "Kiama cha majangili". Mtoto akivunja chungu, mama humwambia, "Leo utakiona cha mtema kuni, kiama chako kimefika!" Neno limebaki jina la kipigo na maangamizi.

Lakini asili yake ni Kiarabu, kwenye mzizi wa kusimama, uleule wa kukimu sala. Siku ya kiama ni siku ya wafu kuinuka. Ndivyo Biblia ya Union Version inavyolitumia, kwa tahajia ya "kiyama", katika 1 Wakorintho 15: kiyama ni ufufuo, na hoja ya sura nzima inapanda hadi mauti yenyewe kushindwa. Naye Paulo, akiwaandikia Wathesalonike waliofiwa na wapendwa wao, aliwaeleza habari za mwisho, kisha akawaagiza wafarijiane kwa maneno hayo. Hakuwaagiza watishane.

Mhubiri anayelitaja neno hili kwa moto na kilio peke yake ametwaa nusu ya maana. Wahariri waendelee na kiama chao. Ila msibani, mfiwa akitajiwa kiama, aambiwe pia maana yake ya kwanza: kuinuka.